Mchochezi wa Moto na Daftari la Kuni

Mto Ruchugi huanza safari yake katika nyanda za juu za Kasulu, ukateremka kusini hadi Uvinza, na huko ukaungana na mto Malagarasi. Karibu na makutano hayo ziko chemchemi za maji ya chumvi ambazo watu wamezitumia kwa karne nyingi. Wataalamu wa mambo ya kale J. E. G. Sutton na A. D. Roberts, waliofukua mahali hapo mwaka 1967, walipata ushahidi kwamba chumvi ilikuwa ikipikwa Uvinza tangu yapata katikati ya miaka elfu moja ya kwanza baada ya Kristo. Waha wa Buha, nchi ambayo leo imegawanyika katika wilaya za Kasulu, Kibondo, Buhigwe na Kakonko, waliteremka huko wakati wa kiangazi pamoja na watu wa pande nyingine. Walichota maji ya chumvi, wakayachemsha katika vyungu mpaka yakakauka, wakapanda tena milima na mizigo yao. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Kijerumani ilijenga kiwanda mahali hapo, na baadaye kazi hiyo ikaendeshwa na Nyanza Salt Mines. Vyungu vya udongo viliacha nafasi kwa vyombo vikubwa vya chuma, na reli ikapita jirani kuelekea Kigoma. Lakini kwa miaka mingi jambo moja lilibaki lile lile: chumvi ilipatikana kwa kuni.

Upikaji wa chumvi hufaa sana kuwa somo la nishati, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi. Uchukuliwe mfano wa kilo 100 za maji ya chumvi ambamo chumvi ni kilo 15 na maji ni kilo 85. Ili kuyapandisha maji hayo kutoka joto la kawaida hadi kuchemka zahitajika megajuli 27 hivi. Kisha, ili kuyageuza yote kuwa mvuke, zahitajika megajuli 192 zaidi, kwani kila kilo ya maji hudai megajuli 2.26 kabla haijakubali kuwa mvuke. Hilo ndilo joto fiche la mvuke, na mwanafunzi aliyelikariri darasani bila kuliona likifanya kazi ataliona hapa. Jumla ni megajuli 219. Kilo moja ya kuni zilizokaushwa vizuri na hewa hutoa megajuli 14 hivi. Kwa hiyo, kama joto lote lingeingia katika maji, kilo moja ya chumvi ingehitaji kilo moja tu ya kuni. Lakini moto ulio wazi hufikisha katika chombo kama sehemu moja ya tano tu ya joto lake. Ndipo kilo moja ya chumvi inapogharimu kilo 5 za kuni. Kilo moja imefanya kazi. Kilo 4 zimekwenda angani, zimepasha mawe joto, zimetoka na moshi, au zimebaki mkaa ndani ya majivu.

Swali lenye maana kwa kiwanda chochote, kikubwa au kidogo, ni hili: ni nani ajuaye kilo hizo 4 zimekwenda wapi? Meneja anajua bei ya kuni kwa lori. Mhandisi anajua kanuni za joto. Lakini anayesimama mbele ya tanuri saa nane za usiku, akaona ulimi wa moto ukitokea upande usiotakiwa, akausikia upepo ukiingia katika ufa wa ukuta, ni mchochezi. Neno hilo katika Kiswahili halina bahati njema, maana hutajwa pia kwa mtu anayewasha fitina. Na pengine ndiyo sababu katika viwanda vingi mchochezi wa moto hakuulizwa maoni yake mara nyingi.

Nyanda za Kasulu na Kibondo hazina viwanda vikubwa vya nguo wala vya chuma. Viwanda vyake ni vya watu wachache wachache: vikundi vya kufyatua na kuchoma matofali, mabani ya kukaushia tumbaku, vikundi vya kukamua mawese, mashine za kusaga, karakana za mbao na za kuchomelea vyuma. Mtu asividharau. Vikijumlishwa pamoja, hula kuni nyingi sana, na kuni hizo hutoka katika miombo ile ile inayotoa asali ya Kibondo, mkaa wa mjini na kuni za majumbani. Mzigo wa misitu hiyo uliongezeka tangu miaka ya 1990, wakimbizi kutoka Burundi na Kongo walipopokewa kwa maelfu katika makambi kama vile Nyarugusu wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996, na Nduta wilayani Kibondo. Kila mwaka mchoma matofali huenda mbali zaidi kuliko mwaka uliopita kutafuta gogo, na umbali huo huonekana katika bei ya tofali.

Tanuri la matofali ndilo mahali pazuri pa kuanzia. Matofali mabichi hupangwa kuwa lundo lenye matundu ya moto chini yake, kisha lundo hupakwa udongo nje, na moto hukokwa mfululizo mchana na usiku. Kwanza joto hufukuza maji yaliyobaki katika tofali. Baadaye, joto likipita nyuzi 500 hivi, huondoka hata maji yaliyofungamana na udongo wenyewe. Mwishowe, kati ya nyuzi 900 na 1,000, chembe za udongo hushikana, na tofali halirudi tena kuwa tope. Mkosi hutokea mara nyingi katika hatua ya kwanza. Kikundi kinachoharakisha kupanga matofali kabla hayajakauka hutumia gogo kufanya kazi ambayo jua lingeifanya bure. Wiki moja zaidi chini ya nyasi kavu, mahali penye upepo, ni kuni ambazo hazikukatwa.

Upotevu wa pili uko katika umbo la tanuri. Joto hutoroka kupitia uso wa nje, lakini matofali yamo ndani ya ujazo. Tanuri la mraba lenye mita 2 kila upande lina ujazo wa mita za ujazo 8, na nyuso zake tano zilizo hewani zina eneo la mita za mraba 20: yaani mita za mraba 2.5 za kupotezea joto kwa kila mita ya ujazo ya matofali. Tanuri lenye mita 4 kila upande lina ujazo wa 64 na eneo la 80, yaani mita za mraba 1.25 tu. Uwiano umepungua kwa nusu. Kwa hiyo vikundi viwili vinavyochoma matanuri madogo bega kwa bega vingeokoa kuni kwa kuchoma tanuri moja kubwa. Wafyatuaji wenye uzoefu wanalifahamu jambo hili bila kutaja neno uwiano. Husema tanuri dogo halishibi. Kinachowazuia si fizikia. Ni kuaminiana: matofali ya nani yatakaa katikati, ambako huiva vizuri, na ya nani yatakaa pembeni, ambako mengine hutoka nusu mabichi? Tofali bichi lililotupwa limekula kuni sawasawa na lililouzwa. Kikundi kilichokubaliana kugawana hasara ya pembeni kimekwisha kupata nusu ya ufumbuzi.

Wapo pia wachanganyao pumba za mpunga au vumbi la mbao katika udongo kabla ya kufyatua. Pumba hizo huwaka ndani kwa ndani, zikapunguza kuni zinazotakiwa nje, na zikaacha vitundu vinavyolifanya tofali kuwa jepesi. Zikizidi, tofali hukosa nguvu. Kiasi kifaacho hakiko katika kitabu chochote kwa kila aina ya udongo. Hupatikana kwa kufyatua matofali kumi ya kiasi hiki na kumi ya kiasi kile, kuyawekea alama, na kuyadondosha yote kutoka kimo kimoja baada ya kuchomwa.

Bani la tumbaku lina tabia nyingine. Suala la madhara ya tumbaku kwa afya ni kubwa na halimalizwi hapa. Yatosha kusema kwamba wakulima wa Kasulu na Kibondo wanaolima tumbaku ya mvuke hukausha majani yao kwa joto la tanuri linalopita ndani ya bomba chini ya majani yaliyotundikwa. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Mwanzoni majani huhitaji joto la nyuzi 35 hivi ili yageuke rangi ya manjano; kisha joto hupandishwa polepole hadi nyuzi 50 na kitu ili bapa la jani likauke; na mwisho hufika nyuzi 70 hivi ili uti wa jani nao ukauke. Mchochezi akichoka usiku hujaza tanuri magogo makubwa ili apate kulala. Joto hupanda kupita kiasi, halafu hushuka kabla ya alfajiri. Kuni zimepotea, na majani nayo yameungua au yamebadilika rangi, na bei yake imeanguka. Hapa maslahi ya msitu na ya mkulima yanakwenda pamoja, jambo ambalo si la kawaida. Mabani sanifu, yenye tanuri lililofungwa vizuri na kizibo cha kupunguza hewa, hupunguza kuni sana. Lakini hata bani la zamani hupona kwa kipimajoto kimoja, udongo wa kuziba nyufa, na watu wawili wanaopokezana zamu.

Katika ukamuaji wa mawese kazi kubwa ya moto ni kuchemsha chikichi kabla ya kukamuliwa, kisha kuchemsha mafuta ili kutenga maji. Pipa la lita 200 juu ya mafiga, bila kifuniko na bila kinga ya upepo, ndilo linaloonekana mara nyingi. Moto wa namna hiyo huingiza katika pipa kama asilimia 15 tu ya joto lake. Kwa hesabu ile ile ya joto fiche, lita moja ya maji inayotoka bure kuwa mvuke hudai megajuli 2.26 ndani ya pipa, yaani megajuli 15 za moto, yaani kilo moja ya kuni, au zaidi kidogo. Kanuni hii inafaa kuandikwa kwa chaki ukutani: lita moja ya mvuke, kilo moja ya kuni. Mwanamke anayejaza pipa maji mara tatu kwa siku kufidia yaliyokwenda hewani anaweza kuhesabu mwenyewe gharama ya kifuniko ambacho hana. Tena kuni nyingine ziko chini ya miguu yake: makapi ya chikichi yaliyokauka huwaka vizuri, na kadhalika vifuu vya mise baada ya kokwa kutolewa.

Kila mtu hukubali kwamba kuni kavu ni bora kuliko mbichi, lakini sababu inayotolewa mara nyingi si sahihi, na inafaa walimu wa fizikia waisahihishe. Gogo bichi la kilo 10 laweza kuwa na kilo 5 za maji na kilo 5 za mti wenyewe. Mti mkavu kabisa hutoa megajuli 18 kwa kilo. Kwa hiyo gogo hilo lina megajuli 90. Maji yake hudai megajuli 12.5 hivi ili yapashwe joto na kugeuka mvuke, zikabaki 77.5. Gogo hilo hilo likianikwa mpaka maji yawe asilimia 20 ya uzito wake, litapima kilo 6.25 tu, na maji yatadai megajuli 3 na kitu, zikabaki karibu 87. Faida ni asilimia 12 hivi. Mbona basi wachochezi husema kuni kavu hupunguza matumizi kwa kiasi kikubwa kuliko hicho? Wachochezi hawakosei. Gogo bichi huupoza moto. Na moto uliopoa haumalizi kuunguza gesi zinazotoka katika mti. Gesi hizo huondoka kama moshi mzito, na moshi ule ni kuni zisizoungua. Hesabu ya joto fiche peke yake haiwezi kuuona moshi, ila jicho la mchochezi huuona.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Mtaalamu hufika kiwandani siku mbili au tatu, akaondoka na vipimo sahihi vya siku hizo. Mfanyakazi yupo masika na kiangazi. Anajua lini kuni huletwa mbichi na kwa nini, anajua mlango upi haufungi, anajua mashine ipi huachwa ikizunguka wakati wa chakula kwa kuwa ni taabu kuiwasha tena. Asichokuwa nacho mara nyingi ni namba. Na namba hazihitaji vyombo vya thamani: mizani ya kupimia kuni, saa, kipimajoto, na daftari lenye mistari minne, yaani tarehe, kilo za kuni zilizoingia, bidhaa zilizotoka, na maelezo mafupi ya hali ya siku hiyo. Mwezi mmoja wa daftari la namna hiyo huonyesha siku mbaya na siku njema, na tofauti baina yake ndiyo nishati inayoweza kuokolewa bila kununua kitu chochote. Mgeni hawezi kuliandika daftari hilo kwa niaba ya wenyeji.

Tanzania haikuwa ngeni kwa wazo la kumshirikisha mfanyakazi katika mipango ya kiwanda. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 uliagiza mashirika ya umma kuunda halmashauri za wafanyakazi, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukakemea ubwana wa viongozi kazini. Halmashauri hizo ziliruhusiwa kujadili uzalishaji, lakini kazi yake ilikuwa kushauri tu, na katika viwanda vingi sauti ya uongozi ilikuwa nzito ndani yake. Miaka hiyo hiyo, mwaka 1973 na tena 1979, bei ya mafuta ilipanda duniani, na nchi ikajikuta ikitumia sehemu kubwa ya fedha zake za kigeni kununua mafuta. Mwaka 1979 lilianzishwa kwa sheria Shirika la Utafiti na Maendeleo ya Viwanda Tanzania, TIRDO, ambalo miongoni mwa kazi zake limekuwa likikagua matumizi ya nishati viwandani. Mtu huweza kujiuliza ingekuwaje kama daftari la mchochezi lingefika katika halmashauri ya mwaka 1974 kama ajenda ya kwanza, kabla ya malalamiko ya chakula cha mchana.

Kwingineko jambo hili lilijaribiwa kwa utaratibu. Mwaka 1981 mhandisi Ken Nelson wa kampuni ya kemikali ya Dow, tawi la Louisiana nchini Marekani, alianzisha shindano la kila mwaka ambalo ndani yake wafanyakazi walitoa mapendekezo ya kuokoa nishati. Mwaka 1982 mapendekezo 27 yalishinda, na kwa wastani kila dola 100 zilizotumika kuyatekeleza zilirudisha dola 173 kwa mwaka. Wengi walidhani mambo mepesi yamekwisha kuvunwa. Mwaka uliofuata yalishinda mapendekezo 32, na marejesho yalikuwa asilimia 340. Shindano liliendelea hadi mwaka 1993, na mawazo hayakukauka, kwa maana mitambo huchakaa, bidhaa hubadilika, na kila badiliko hufungua tundu jipya la kupotezea joto. Nchini Kenya kanuni za serikali za mwaka 2012 ziliwataka watumiaji wakubwa wa nishati kukaguliwa kila baada ya miaka mitatu na kutekeleza angalau nusu ya uokoaji uliobainishwa. Hapa Tanzania, tangu mwaka 2013, wizara yenye dhamana ya viwanda, kwa ushirikiano na shirika la JICA la Japani, iliingiza viwandani mafunzo ya Kaizen, ambayo msingi wake ni maboresho madogo madogo yanayotokana na wafanyakazi wenyewe.

Ni kweli kwamba Dow ilikuwa na wahandisi na mita kila kona, na kikundi cha matofali cha Kasulu kina koleo na toroli. Hata hivyo jambo moja la Louisiana hufaa popote: mapendekezo yalijibiwa. Lililokubaliwa lilitekelezwa na kupimwa. Visanduku vya maoni vimetundikwa katika kuta nyingi za Afrika Mashariki, vimefungwa kwa kufuli, na ufunguo umepotea. Mfanyakazi aliyeandika mara mbili bila kujibiwa hataandika mara ya tatu.

Kuna kikwazo kikubwa zaidi ambacho maandishi ya wahandisi hukipita kwa haraka. Mchoma matofali aliyeajiriwa hulipwa kwa idadi ya matofali. Kuni ni za mwenye tanuri. Akitumia lori tano badala ya nne, mfuko wake hauoni tofauti. Akijitahidi kutumia nne, faida yote huenda kwa mwingine, na huenda mwaka ujao mwenye tanuri akaona hakuna haja ya kuajiri wakata kuni wawili. Kumwambia mtu kama huyo kuwa aipende misitu ni kumtaka aitoe sadaka kutoka katika ujira mdogo. Mapatano yenye haki ni mepesi kuelezwa, ingawa si mepesi kufikiwa: bei ya lori lililookolewa igawanywe, sehemu ya mwenye tanuri na sehemu ya waliolisimamia, na daftari liwe shahidi. Vikundi vya ushirika, ambamo mchochezi ndiye pia mwenye kuni, vina nafasi njema hapa kuliko viwanda vya mtu mmoja, na inashangaza kwamba vichache hutunza daftari.

Umeme umeleta aina ya upotevu usioonekana kwa macho. Hadi mwaka 2022, ulipofika umeme wa gridi ya Taifa, miji ya Kasulu na Kibondo ilipata umeme wa jenereta za dizeli. Lita moja ya dizeli ina joto linalolingana na uniti 10 hivi za umeme, lakini jenereta ndogo hutoa uniti 3 tu. Zilizobaki hutoka na moshi na maji ya kupozea injini. Kila balbu iliyosahauliwa ilikuwa lori la dizeli linalopanda mlima. Gridi imeondoa safari hiyo ya lori, lakini haikuondoa ankara. Mashine ya kusaga yenye nyundo zilizochakaa, mkanda uliolegea, au mahindi yasiyokauka vizuri, hutumia umeme zaidi kwa debe moja la unga. Randa butu hufanya mota ya karakana kulemewa. Mota inayozunguka bila kazi huendelea kula.

Bahati njema ni kwamba mita ya LUKU ipo ukutani, na ni chombo cha kupimia ambacho kila mfanyakazi anaweza kukisoma. Uniti zilizobaki zikisomwa wafanyakazi wanapokwenda kula, zikasomwa tena wanaporudi, upungufu wake ni umeme uliotumika wakati hakuna kilichotengenezwa. Zikisomwa kabla na baada ya kusaga magunia kumi, hupatikana uniti kwa gunia. Na namba hiyo ikilinganishwa kabla na baada ya kubadilisha nyundo, mwenye mashine hahitaji tena kushawishiwa kwa maneno.

Shule ya sekondari yenye jiko la kuni yaweza kufanya kipimo cha namna hiyo wiki yoyote. Zipimwe lita 10 za maji katika sufuria, na joto lake liandikwe, tuseme nyuzi 22. Kuni kavu zipimwe kwa mizani kabla ya kuwasha. Kasulu iko katika mwinuko wa mita 1,300 hivi, kwa hiyo maji yatachemka karibu na nyuzi 96, wala si 100. Yakianza tu kuchemka, moto uzimwe, na kuni zilizobaki pamoja na mkaa zipimwe tena. Joto lililoingia katika maji ni 10 mara 4.2 mara 74, yaani kilojuli 3,108, au megajuli 3.1. Kama kuni zilizotumika ni kilo 1.5, zilikuwa na megajuli 21. Ufanisi wa jiko ni asilimia 15 hivi. Kipimo kirudiwe siku inayofuata kwa sufuria ile ile ikiwa na kifuniko, siku ya tatu kwa kinga ya udongo kuzunguka mafiga, na siku ya nne kwa kuni zilizoanikwa mwezi mzima. Ni vema mpishi wa shule ndiye apange kuni na kuchochea katika siku zote nne, na wanafunzi wamwulize kabla ya kila kipimo anatazamia namba ipi. Majibu yake yaandikwe katika safu ya kwanza ya jedwali, kando ya yale ya mizani.